Majani Niliyoyakataa

Kiprotich mwanangu,

Orodha ya vitu vya kubeba ameiandika dada yako, na ameiandika vizuri kuliko ningeiandika mimi: ndoo, shuka mbili nyeupe, soksi nyeusi, dawa ya viatu, kufuli. Kwa hiyo sitakusumbua na habari za soksi. Wewe umeteremka Sotik kutafuta hiyo kufuli, mvua ya alasiri inapiga mabati, baba yako amelala kitini akijifanya anasikiliza redio, na meza ya jikoni ni yangu peke yangu. Nataka nimalize kabla hujarudi. Ukirudi utakuwa umenuna, na mimi nikikuona umenuna nitaanza kukupikia badala ya kukuambia ukweli.

Najua umenikasirikia. Kila kijana wa kanisa letu anayeondoka kwenda chuo au kazini huitwa mbele, pasta na wazee humwekea mikono kichwani, kina mama huimba mpaka mtu analia. Umeliona jambo hilo tangu ukiwa mdogo na umeingoja zamu yako. Jumapili zamu ikafika. Pasta akasoma matangazo, akafunga daftari, akaketi. Ukatembea mbele yangu mpaka nyumbani bila kugeuka hata mara moja, na ulipofika mlangoni ukaniambia, "Mama, si ungenyamaza tu mpaka niende? Sasa mimi nimeingiaje hapo?"

Nimekaa na swali hilo siku nne. Jibu langu ni kwamba umeingia, na ni wewe uliyenifungua mdomo. Hebu kaa nikueleze, maana hadithi hii umeipata vipande vipande kutoka kwa watu wa kituo cha majani ya chai, na watu wa kituoni wanapenda kuongeza chumvi.

Barua yako ya kuitwa chuo cha polisi ilipofika, haikuisha wiki kabla watu hawajaanza kukuita afande. Mwenye pikipiki alikuleta kutoka Sotik akakataa nauli, na ukaingia hapa ukicheka. Na mimi nilicheka. Nilikuwa nimeanza kuitwa Mama Afande na Mungu anisamehe, jina lilikuwa tamu. Ndipo tukaenda Siongiroi siku ya soko na yule mtamba wetu wa kuuza. Unakumbuka mzee wa mbuzi? Mbuzi wake alikukanyaga, suruali ikaingia matope kidogo. Ukaishika fimbo ya mzee wa watu, mtu wa rika la babu yako, ukamwambia, "Wewe, unajua mimi ni nani?"

Mzee alikuangalia kuanzia juu mpaka chini akitafuta wewe ni nani, maana hukuwa na sare wala kofia wala chochote. Hakuona kitu, lakini hakutaka kubahatisha. Akavua kofia yake akasema, "Pole, mkubwa." Tulirudi nyumbani nimenyamaza njia nzima na ukadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Sentensi ile niliijua, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuisema, karibu neno kwa neno, na niliyemwambia alikuwa Mama Moraa.

Ilikuwa miaka sita iliyopita, ulikuwa shule ya bweni, hukuona. Miaka ile mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo chetu cha majani, watu wakaniita Mama Chea, yaani Mama Mwenyekiti, na kanisani nilikuwa kiongozi wa kina mama. Viti viwili, na nilivikalia vyote kwa raha. Unajua desturi yetu: jioni watu wakishafika na magunia yao, kabla karani hajafungua mzani, tunaomba. Maombi hayo yalikuwa yangu. Hakuna jani la chai lililopimwa pale kabla mimi sijasema amina.

Halafu kulikuwa na Alhamisi. Kila Alhamisi kina mama wa kanisa walichuma majani kwenye shamba la pasta, bure. Mwanzo wake ulikuwa mzuri na sitaki uusahau. Mke wa pasta alikuwa mgonjwa kweli, majani yalikuwa yanazeeka mitini, nami nikasema tumsaidie mwenzetu. Mke wa pasta akapona. Alhamisi hazikupona. Nikazipa jina, sadaka ya mikono, nikawa nikiandika waliofika na kusoma majina yao kanisani, ili ambaye jina lake halikusomwa ajulikane.

Mama Moraa ni Mgusii, unamjua, yule mfupi mwenye sauti nzito. Alikuwa amekodi shamba la majani la mwalimu mmoja aliyehama, akiwalea watoto peke yake. Jumapili moja kwenye kikao cha kina mama akasimama akasema, "Mimi nauliza tu. Mama pasta si alipona? Sasa hii Alhamisi ni ya nani? Kwani Bwana ako na shamba ya majani?"

Kina mama wengine wakacheka. Swali lenyewe halikuniuma, nakwambia kweli. Niliumwa na kile kicheko. Nikamwambia, "Wewe, unajua unaongea na nani?" Akasema, "Naongea na dada yangu kwa Kristo. Ama nimekosea mlango?" Wakacheka tena.

Kesho yake jioni alifika kituoni na gunia lake akalimwaga mezani kama kila mtu. Sheria ni majani mawili na kichipukizi, na ni sheria nzuri, chai mbaya ikipita tunaumia wote. Nikaingiza mkono ndani ya lile rundo, nikachomoa jani moja gumu. Jani kama hilo halikosi katika kikapu cha mtu yeyote, hata changu. Nikaliinua watu waone. Nikasema haya ni magumu, chambua upya. Akapiga magoti kwenye turubai akaanza kuchambua jani moja moja, na lori la kiwanda likaja, na lori likaenda. Majani yakilala guniani hupata joto, asubuhi ni mekundu na hakuna wa kuyachukua. Akayamwaga kando ya barabara.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu karani aliniinamia akaninong'oneza, "Mama Chea, hii majani haina shida. Hata ni poa kuliko ya wengine." Nikamjibu, "Kamati ni mimi."

Niliendelea wiki tatu. Na kila jioni, kabla ya mzani, nilifumba macho nikaomba Bwana awanyamazishe wote wanaoinuka kinyume cha watumishi wake. Kila mtu pale alijua ninamsema nani. Watu wakasema amina. Na yeye alisema amina, Kiprotich. Sauti yake nzito niliisikia kila siku, amina, halafu nikafumbua macho nikamkatalia majani.

Baada ya wiki tatu aliliachia lile shamba akaenda kuchuma kibarua kwenye mashamba makubwa ya upande wa Kericho. Binti yake Moraa alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Likizo ile uliniuliza mbona Moraa haonekani, mlikuwa mmesoma pamoja, nami nikakuambia wamehama. Hawakuwa wamehama. Walikuwa hapo chini, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, na mama yake alikuwa anatoka kabla ya jua na kurudi gizani. Nilikudanganya ukiwa umeshika kikombe changu cha chai.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi, kwa sababu jambo hili hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa ninalala vizuri. Ukidhani mama yako alikuwa akigaagaa kitandani kwa majuto, futa mawazo hayo. Nililala fofofo miaka sita. Nilishiriki meza ya Bwana, nikafunga, nikaongoza mikesha, pasta akanisifu mbele ya wageni. Watu husema ukikosea moyo utakusuta. Wangu haukunisuta, ulikuwa umevaa sare ya kina mama na kitambaa kichwani, umependeza. Kwa hiyo ukifika huko usingoje moyo ukuume ndipo ujue umekosea. Angalia mtu aliye mbele yako. Akivua kofia ambayo hukumwomba avue, simama hapo hapo ujiulize umefanya nini.

Basi baada ya Siongiroi nilibeba kibuyu cha maziwa ya mursik na sukari nikaenda nyuma ya kinu. Nilimkuta mlangoni anaosha gambuti, vile viatu vyake vya mpira vya shambani. Hakunikaribisha. Nikaanza kusema maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani, akanikatiza. "Beba maziwa yako, mama. Wewe ulinisema kwa maombi mbele ya watu. Sasa unakuja kuniomba msamaha kwa mlango kama mwizi? Enda useme pale kwa mzani."

Nami nikabishana naye! Mtu niliyemnyang'anya riziki, nikasimama mlangoni pake nikabishana. Nikamwambia nitapoteza kiti, kanisa litagawanyika. Nikamwambia, na haya utayatambua, kwamba kijana wangu anakaribia kuondoka, basi aende kwanza. Akamwaga maji ya gambuti karibu na miguu yangu akasema, "Sawa, aende. Na akipewa bunduki, nani atamwambia?"

Ndiyo sababu sikungoja uende.

Jioni ya kesho yake nilisimama kituoni kama kawaida, watu wakavua kofia wakainamisha vichwa. Nikasema, "Leo msifunge macho." Nikawaambia majani ya Mama Moraa yalikuwa mazuri. Nikawaambia niliyakataa kwa sababu aliuliza swali la kweli, na maombi yangu ya wiki zile tatu hayakuwa maombi, yalikuwa mawe niliyomrushia mtu nikiwa nimejificha nyuma ya Mungu. Nikasema Alhamisi hazikuwa za Bwana hata siku moja, zilikuwa za pasta, na mimi ndiye niliyekuwa nyapara wake. Nikasema kuanzia leo mimi si mwenyekiti wa kitu chochote. Nilipomaliza karani akakohoa, halafu mtu mmoja kule nyuma, kwa mazoea tu, akasema amina. Ningekuwa na nguvu ningecheka.

Ijumaa pasta na wazee wakaniita. Wewe unamjua pasta, hapandishi sauti. Akaniambia, "Mama, hakuna mtu anakataa ulikosea huyo mama. Hiyo ni sawa. Lakini Alhamisi ulitaja ya nini? Umeaibisha madhabahu." Alitaka nisimame Jumapili niseme kwamba kwa habari ya Alhamisi nilichanganyikiwa. Akaongeza, taratibu kabisa, "Halafu kijana tutamwombea vizuri. Tumemtayarishia siku yake."

Akaleta na lile fundisho la kutowagusa watiwa mafuta wa Bwana. Nikamwambia, "Pasta, hilo nimelitumia mimi mwenyewe kwa mzani miaka mingi. Najua linavyofanya kazi." Wazee wakaangalia viatu vyao. Nikawaambia kama mikono yao juu ya kichwa cha mwanangu bei yake ni mdomo wangu, basi wakae na mikono yao. Nikatoka.

Na sijutii. Nalisema tena ili usitafute majuto kati ya mistari: kwa yale niliyomfanyia Mama Moraa ninajuta mpaka nife, lakini kwa mlango ule niliotoka sijutii hata chembe. Nilikuona Jumapili, nikaona shingo yako ilivyosimama pasta alipofunga daftari, na moyo wangu ulipasuka. Wewe ni mtoto wangu, unadhani sikutaka? Lakini baraka waliyotaka kukupa ingekuwa somo lako la kwanza la upolisi. Ungejifunza kwamba mkubwa akikosa, mdogo hunyamaza, na akinyamaza hupewa kitu. Somo hilo utalikuta huko tele, halihitaji kuanzia kanisani kwetu.

Baba yako aliniambia tu, "Wewe na mdomo wako." Lakini Jumapili, kama uliangalia, hakuketi kwenye benchi la wazee. Alikuja nyuma akaketi nami karibu na mlango, akanishikia mwavuli.

Sikuandikii ili usiende. Wengine watakuambia kazi hiyo haimfai mtoto wa Mungu, na hao hawajasoma. Askari walimwendea Yohana kule mtoni wakamuuliza wafanye nini, naye hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimwonee mtu, wasimsingizie mtu, watosheke na mshahara wao. Basi. Mimi nimeyasikia maneno hayo tangu shule ya Jumapili nikadhani ni ya askari peke yao. Kumbe yalikuwa ya mwenyekiti wa kituo cha majani.

Lakini kumbuka na askari wengine. Waliomtemea Yesu mate na kumpiga fimbo hawakuwa wahuni wa sokoni. Walikuwa kazini. Walikuwa na mshahara, na sare, na mkubwa aliyewapa amri, na mkubwa huyo alinawa mikono. Siku moja mtapangwa mstari barabarani, mbele yenu watoto wa watu wenye umri kama wako, na mtu atapiga kelele kwamba mpige. Sijui utafanya nini. Mimi niliyekuwa na jani moja la chai tu mkononi nilishindwa, sembuse wewe uliye na rungu. Sikuombi uwe shujaa. Naomba siku hiyo umwone yule mzee wa Siongiroi akivua kofia yake, uone kama mkono wako utainuka.

Na wakubwa wako wakiwa waovu, usije ukasema ulikuwa unatii tu. Mimi nilikuwa namtii pasta. Cheo ni dhamana, watu husema, na nilikuwa nikilisema neno hilo kwenye mikutano huku nimeshika jani la Mama Moraa hewani. Kila mwaka kanisani tunatawadhana miguu, na nimekumbuka juzi kwamba pasta huwaosha wazee, ambao siku hiyo huja wamejisugua kwa sabuni nyumbani na kupaka mafuta. Miguu inayotoka kwenye gambuti sijawahi kuiona kwenye lile beseni. Yesu alishika miguu ya watu waliotembea vumbini siku nzima, na mmoja wao alikuwa anakwenda kumuuza. Kama hiyo ndiyo namna yake ya kuwa mkubwa, basi mimi na pasta tulikuwa tunafanya kitu kingine kabisa na kukipa jina lake.

Sasa habari ya kesho, halafu niache, maana mvua imepungua na nadhani utakuwa njiani.

Jana nilirudi nyuma ya kinu. Mama Moraa hajasema amenisamehe na sijamuuliza. Nilimwomba jambo moja: aje asubuhi kabla gari halijaja, akuwekee mikono kichwani akuombee. Alicheka, alicheka mpaka akaketi. "Mimi? Nibariki polisi? Tena wako?" Halafu akachezea gambuti lake, akasema, "Nitaona."

Sijui kama ataona kuja au ataona kutokuja. Ni haki yake, na asipokuja usimnung'unikie. Ondoka hivyo hivyo, bila mkono wa mtu kichwani, ujue kwamba mikono uliyonyimwa na mikono iliyoshindwa kufika, yote ni kwa sababu ya mama yako, na bado mama yako amesimama getini anakupungia.

Lakini akija, usisimame wima kama mti wa umeme. Yeye ni mfupi. Piga magoti hapo uani kwenye matope, na hiyo suruali mpya, wala usiipanguse mpaka ufike Sotik. Vidole vyake ni vyeusi kwa maji ya majani na vimepasuka, vitakukwaruza. Tulia. Akimaliza useme amina kwa sauti, kama alivyokuwa akisema yeye.

Na usimwambie wewe ni nani, Kiprotich. Anajua. Ndiyo maana ni vigumu kwake kuja.

Mimi mama yako,
ambaye si Mama Chea tena.